Sauti ya Ruti Katika Masikio ya Barnaba

Waya wa hedifoni ulinaswa na tawi la mbuni, pini ikachomoka kwenye simu, na sauti ya Ruti ikamwagika shambani mchana kweupe.

Judith alikuwa mstari wa pili, kikapu kiunoni, vidole vikienda vyenyewe kwenye buni nyekundu. Vikasimama. Sauti ile aliijua, na nani kijijini Isansa asiyeijua? Ilipanda kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo, nyembamba, imenyooka, kisha ikakatika, kwa kuwa mumewe Barnaba aliiwahi pini na kuirudisha tunduni. Shamba likarudia kimya chake cha majani. Haukupita muda, tawi jingine likauvuta waya, pini ikatoka tena, na kilichomwagika safari hii kilikuwa kipande kile kile, neno lile lile, pumzi ile ile.

"Baba Tumaini," Judith aliita kutoka upande wake, "huo wimbo hauna mwisho?"

"Unao."

"Mbona huufikii?"

"Naufikia polepole," Barnaba alijibu, akavaa tena hedifoni zake, akazama.

Judith akaendelea kuchuma. Buni mbichi zikaingia kikapuni pamoja na zilizoiva, naye hakuziona.

Barnaba ndiye aliyesawazisha nyimbo za kwaya ya kanisa lao. Kwaya ilipomaliza kurekodi, sauti zote zilikwenda kwake ndani ya kompyuta ya kwaya, zikiwa bado vurugu: besi imeifunika sauti ya tatu, mzee wa kiti cha nyuma anakohoa, benchi linaburuzwa. Barnaba alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakukaa mezani kusikiliza. Alizihamishia nyimbo kwenye simu, akavaa hedifoni, akaingia nazo kwenye kahawa. Alisema mikono ikishapata kazi masikio hayana pa kukimbilia, nayo hukaa yakasikiliza. Akirudi nyumbani alikuwa ameshajua kila kasoro ilipojificha, akafungua kompyuta na kuitoa kama mtu anayetoa mwiba. Kwaya za vijiji jirani nazo zilianza kumletea nyimbo zao.

Kilichokuwa siri ni kwamba masikio yenyewe hayakuwa kamili. Ujanani Barnaba alifanya kazi Saza, kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, mlio wake akiusikia kazini na hata usingizini. Alirudi na mabati ya nyumba. Alichokiacha kule ni sauti za juu. Nyenje hakuwasikia tena. Sufuria ikianza kulia jikoni, kwake ilikuwa imenyamaza. "Vifaranga wa nyumba hii ni mabubu," alizoea kusema, na watoto wa jirani wakacheka bila kujua kwamba hatanii.

Kwa hiyo miaka yote hiyo, wimbo ulipokaribia kwisha, alivua hedifoni zake akamvisha mkewe na kumuuliza neno moja, "Juu kukoje?" Naye Judith alimwambia. Sauti ya kwanza imezidi, ishushe. Hapa wanapiga miluzi wakitamka maneno, punguza. Sasa sawa. Kwaya ilimsifu Barnaba kwa masikio yake, na wawili wale wakatazamana kama watu walioiba pamoja.

Judith hakuwa amebakiwa na kingine kwenye kwaya ile. Zamani yeye ndiye aliyeongoza. Akifungua kinywa, wapita njia walipunguza mwendo. Kisha ukaja uvimbe wa shingo, ikaja hospitali, ikaja kovu, na sauti ilipopona ilikuwa imeteremka ngazi na kukataa kupanda tena. Akahamia mstari wa sauti ya pili, nyuma, karibu na dirisha. Pale mbele pakabaki wazi hadi alipoolewa Ruti, fundi cherehani kutoka Momba, mke wa Shadrack, ambaye siku ya kwanza ya mazoezi alipewa mstari mmoja aimbe, akauimba, na watu wote wakageuka. Isipokuwa Judith, aliyekuwa akitazama nje.

Ruti angekuwa na maringo ingekuwa rahisi. Lakini alisalimia kwa kupiga goti, aliyashona mabega ya sare ya Judith bila kutaka chochote, na akimwita "dada" alimaanisha. Hata Judith mwenyewe, akijichunguza, aliona kuwa si mwanamke yule aliyemwonea wivu. Aliona wivu juu ya mahali, ile nafasi ndogo iliyo katikati ya masikio mawili ya mumewe, ambamo mtu mwingine alikuwa amepewa kiti, na kila alipofika mwisho wa maneno yake aliambiwa: anza tena.

Hedifoni za waya zilitoka Nakonde, upande wa Zambia, zawadi ya Abrahamu, binamu yake Barnaba. Zilikuwa nzuri kwa maana iliyo adimu: hazikuongeza wala kupunguza. Lakini matawi yalikuwa yameumaliza waya. Fundi simu aliunga hapa, kesho ukakatika pale, na sasa sikio la kushoto lilisikika tu ukiukunja waya na kuushikilia hivyo.

"Nimechoka kupigana na mibuni," Barnaba alisema. "Twende Tunduma, tutafute zisizo na waya. Ila ziwe na sauti kama hizi. Sitaki za kunidanganya."

"Zipo?"

"Wanasema zipo. Ndiyo maana nakwenda na wewe."

Judith alitaka kufurahi. Alichowaza ni kwamba waya ule, pamoja na usumbufu wake wote, ulikuwa mpelelezi wake. Ulimchongea Barnaba mbele ya shamba zima. Sasa angetembea na Ruti kichwani kutoka mibuni hadi kisimani, kutoka kisimani hadi sokoni, na lisingekuwapo tawi la kumkamata.

Duka lilikuwa kwenye mtaa unaoelekea mpakani, malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni mbele yake, injini zikinguruma papo hapo bila kwenda popote. Mwenye duka aliitwa Lucky, mtoto wa mama wa Nakonde na baba wa Tunduma, kijana mnene mwenye lugha nyingi katika sentensi moja.

"Mwaiseni, bamayo, karibu mama. Karibu mzee. Simu, chaja, spika, kila kitu kipo, mukwai."

"Hedifoni zisizo na waya," Barnaba alisema. "Za kusikilizia kazi, si za kutembelea."

Lucky akaleta za kwanza, akabonyeza simu yake, na muziki wa besi nzito ukatikisa hata kioo cha kabati. "Sikia hiyo, mzee. Inaingia mpaka kwenye maini."

"Zima wimbo wako, kijana," Barnaba alisema kwa upole. "Wimbo wako hata ukiupiga kwenye ndoo utapendeza. Mimi nina wangu."

Akatoa simu yake, akatoa na zile za waya, akaziweka juu ya kabati kama shahidi. Lucky akatazama waya uliojaa viraka akataka kucheka, akajizuia. Barnaba akamweleza, huku Judith akisikiliza mambo aliyoyajua kwa moyo: wimbo wa kupimia lazima uwe ule unaoujua mpaka pumzi zake. Sauti za hedifoni zote mbili zinazopimwa ziwe kimo kimoja, kwa maana inayopiga kelele zaidi humhadaa mtu akadhani ndiyo bora. Na ziketi vizuri sikioni, maana zikiacha upenyo besi yote hutoroka.

"Mzee, wewe ni studio?"

"Mimi ni mkulima wa kahawa."

Zile za kuchomeka ndani ya sikio zilianguka mara Barnaba alipoinama kama mtu anayechuma. Zikawekwa kando. Nyingine zilibana kichwa hadi akasema zinamkumbusha kofia ya Saza. Zikabaki za kijivu na nyeusi, zote za kufunika masikio, bei hazikupishana kitu.

Wimbo ulikuwa wa mjane wa Sarepta, na mahali pa kupimia palikuwa pale mjane anapomjibu nabii kuwa amebakiwa na unga kidogo tu. Ndipo Ruti anapopanda peke yake, kwaya yote ikiwa chini yake.

Judith akavaa za kijivu. Malori yakaondoka duniani. Akasikia besi zikiweka msingi, akasikia mstari wake mwenyewe, sauti ya pili, hata kikohozi cha yule mzee. Kisha akasikia Ruti akivuta pumzi. Akamsikia amesimama mbele ya uso wake, hana waya wala hana pazia, akiipandisha ile sauti hadi mahali ambapo Judith alipajua kwa miguu yake, alipowahi kuishi. Macho yakamwasha. Akazivua haraka.

Akavaa nyeusi. Besi ikamfunika kama blanketi. Wimbo ulikuwa mtamu chini, mzito, wa kulala, na Ruti alikuwa ameondoka. Hapana, alikuwapo, ila mbali, kama mtu anayeimba ndani ya nyumba iliyofungwa milango. Judith akasikiliza mpaka mwisho. Lilikuwa jambo la raha, na raha yenyewe ilimtia haya.

Barnaba naye akavaa, akavua, akarudia, akawasha za waya huku ameukunja ule waya kwa vidole. Paji likamkunjamana.

"Nyeusi naziona nzuri kwa chini," alisema. "Kwa juu ndiyo sina hakika. Ni kama Ruti amesogea nyuma kidogo. Au ni haya malori?" Akamgeukia mkewe, uso ukiwa wazi kama sahani. "Juu kukoje, Mama Tumaini?"

Hakuwahi kumdanganya kwa swali lile.

"Nyeusi," Judith alisema. "Zinalingana na zile za waya. Za kijivu zina makali, zitakuumiza."

Lucky akainua macho. "Bamayo, samahani, wanaorekodi wengi hapa wanachukua kijivu. Nyeusi ni za wale wanaopenda..."

"Wewe unauza, mimi nasikiliza."

"Sawa, bamayo."

"Mwenye masikio kasema," Barnaba alisema, akatoa pesa.

Siku zilizofuata alitembea huru kwenye kahawa, na tawi halikumkamata. Judith alimtazama kati ya majani. Aliona kidole kikipanda kwenye hedifoni, kikibonyeza, kikibonyeza tena, naye akajua ni wapi anaporudi. Lakini Barnaba hakutania tena. Wakati mwingine alisimama kabisa, mkono umeshika tawi, macho yamefumbwa, kama mtu anayemsikiliza mgeni mlangoni asiyebisha hodi mara ya pili. Judith alilisoma jambo hilo kwa macho ya wivu, na macho ya wivu husoma haraka: amezidi. Hata nilipomficha, anamtafuta.

Jioni moja Barnaba alivua hedifoni kando ya kompyuta na kumnyooshea. "Njoo unisikilizie."

"Mikono yangu ina unga. Malizia mwenyewe."

Alimtazama kidogo, akazivaa tena. Hakumwomba mara nyingine. Kutoka jikoni Judith aliona kidole chake kikisukuma mstari mmoja kwenye kioo kwenda juu, kikatulia, kikausukuma tena.

Wimbo ulizinduliwa Jumapili ya mavuno. Ua wa kanisa ulijaa maboga, mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, na kuku waliofungwa miguu wakisubiri mnada. Danford, mwenyekiti wa kwaya, akapanda jukwaani na kusema kwamba kabla ya kunadi watu wasikilize mavuno ya kwaya, kazi ya ndugu yetu Barnaba, mwenye masikio kuliko sote. Spika kubwa zikakoroma. Wimbo ukaanza.

Ruti alitoka kama bati linalokatwa kwa msumeno. Besi hazikuwapo. Sauti ya tatu ilinong'ona mahali fulani chini ya ardhi, na sauti ya pili, mstari wote wa Judith, ilikuwa imezikwa bila hata msalaba. Kilichokuwapo ni mwanamke mmoja akipiga kelele juu ya mapaa. Pale mjane anapomjibu nabii, watoto wakaziba masikio na kuku wakapigapiga mabawa.

"Huyu anaimba au anafukuza nyani kwenye mahindi?" mama mmoja karibu na maboga aliuliza, na kicheko kikaenda hadi langoni.

"Mjane mwenyewe angemnyima nabii maji," mwingine akajibu.

Danford akazima. Barnaba alikuwa amesimama pembeni ya spika, kichwa kimeinama, akiwa mtu pekee asiyejua hasa watu wanacheka nini. Lakini Judith alijua, na alijua papo hapo. Alimfunika Ruti blanketi, na mume wake, asiyeona blanketi, alikuwa amekesha akimvuta kutoka chini yake, akimpandisha, akimpandisha, mpaka amsikie. Alitaka kumzika, naye amemweka juu ya mnara. Na hata katika fedheha ile wivu haukunyamaza. Uwanja mzima ulikuwa ukimzungumzia Ruti. Hakuna aliyeuliza mstari wa pili umekwenda wapi.

Kesho yake mchana Ruti alikuja, nywele zimefungwa kwa kipande cha kitambaa, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye gauni.

"Dada Judith, nilikuwa namtafuta Baba Tumaini, lakini afadhali nimekukuta wewe."

"Karibu ukae."

"Sikai." Alitazama mikono yake. "Nataka kuuliza, na uniambie kweli, maana wewe ulisimama pale kabla yangu. Ndivyo ninavyoimba?"

Judith alimsogezea kigoda hata hivyo.

"Nyumbani wananiambia ni ubovu wa vyombo. Wananipenda, watasema nini? Mimi nimejisikia, dada. Mwanamke anayegombana sokoni. Nimewaza niache kuongoza. Nije nisimame na wewe kule dirishani."

Jibu lilikuwa fupi, lilitosha kwenye pumzi moja. Judith alilishika mdomoni. Msimu mzima alikuwa ameomba jambo hili bila kulitamka, na sasa limekuja lenyewe kwa miguu, likipiga goti.

"Usimwambie mtu bado," ndilo alilosema.

Ruti akaitikia, akaondoka akifuata kivuli cha ua.

Barnaba alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye vichanja, akigeuza kahawa ikauke upande wa pili. Hedifoni nyeusi zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari.

"Alikuwa Ruti?"

"Ndiye."

"Nitakwenda kumwomba radhi." Aliendelea kugeuza. "Na kompyuta nimemwambia Danford aje aichukue. Masikio yameisha, Mama Tumaini."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Unajua kile kipande cha mjane, kile ulichokuwa ukinicheka kwamba sifiki mwisho?" Alikusanya kahawa kwa viganja, akaitandaza. "Ile ndiyo sauti ya juu kuliko zote nilizobakiwa nazo. Juu yake sisikii kitu, najua, nimejipima. Basi kila siku nilikwenda kuiangalia, kama mtu anavyokwenda kuangalia kisima wakati wa kiangazi. Nikiisikia, nasema leo bado. Naweza kuendelea."

Judith alikishika kichanja.

"Tangu tutoke Tunduma maji yameshuka. Siku ya kwanza nikasema ni chaji. Ya pili nikasema ni mafua. Nikawa naipandisha kwenye kompyuta, naipandisha, nipate kuisikia kama zamani. Kumbe waliobaki wananisikia mimi ninavyokufa masikio." Alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Sikukwambia. Niliona nikikwambia ndipo itakuwa kweli."

Judith alisimama pale akaona vyote alivyovitaka vimewekwa mbele yake kwenye sinia moja. Ruti dirishani. Kompyuta kwa Danford. Mume asiye na sauti ya mwanamke yeyote kichwani. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ni kazi isiyomshinda mtu. Akatazama mikono ya Barnaba ikipita juu ya kahawa, polepole, kama ya mtu aliyekwisha kuzeeka.

"Si masikio yako," alisema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Ni hizo hapo msumarini. Zinafunika juu kote. Nilisikia."

Mikono ikasimama. "Ulisikia lini?"

"Dukani. Mara ya kwanza tu nilipozivaa."

"Ukaniambia zinalingana."

"Nilikuambia."

"Na kijivu?"

"Za kijivu ndizo zilizolingana. Kwenye kijivu Ruti alikuwa amesimama mbele yangu kabisa." Akagusa kovu shingoni. "Kila siku unamrudia yeye. Mimi niliimba pale miaka yote ile, nani alinirudia?"

Barnaba alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya ng'ambo. "Wewe? Wewe nikurudie kwa nini? Ulikuwa ukiimba jikoni."

Akafikiri, na Judith aliona hasira ikimjia kwa kuchelewa, jinsi sauti zote zilivyomjia.

"Ungenidanganya rangi ya shati, ningecheka," alisema. "Ungenidanganya bei ya kahawa, tungegombana yakaisha. Nilikuuliza juu kukoje. Hilo sina wa kumuuliza mwingine."

Akaondoka akamwacha na vichanja. Kwa siku kadhaa walisemezana ya chumvi na ya kuni tu. Barnaba alipofungua kinywa kwa jambo lingine, lilikuwa hili: "Ruti utamwambia wewe."

Judith alikwenda. Alimkuta kwenye cherehani, akasubiri gurudumu lisimame, akamwambia yote, pamoja na lile la dukani, na hakutafuta neno laini la kulivisha. Ruti alisikiliza akivuta uzi ambao haukuwa umenasa.

"Kwa hiyo siimbi vile," alisema mwishowe.

"Huimbi vile. Unaimba kuliko nilivyoimba mimi."

Maneno yale yalimtoka kama jino. Ruti hakumshukuru, wala hakumpigia goti wakati wa kuagana, naye Judith akaona ni haki yake.

Judith na Barnaba wakarudi Tunduma. Foleni ya malori ilikuwa ile ile, au nyingine iliyofanana nayo. Lucky akapokea hedifoni nyeusi, akazigeuza akitafuta mikwaruzo, akataja cha kuongeza, na kwa adabu iliyomkalia vizuri kijana yule hakusema kuwa alishasema. Akaweka za kijivu juu ya kabati.

Barnaba hakuzigusa. Alifungua wimbo, akaipimia sauti kimo kile kile cha siku ile, akamsogezea mkewe. Hakuuliza kitu.

Judith akazivaa. Besi zikaweka msingi. Mstari wake ukapita, wa chini, wa kawaida, nao ulikuwapo. Kisha Ruti akavuta pumzi, akapanda, na wivu nao ukapanda pamoja naye hatua kwa hatua, haukubaki nyuma hata kidogo, ukamfikisha hadi juu kabisa na kumwacha pale. Judith alisikiliza mpaka sauti iliposhuka yenyewe.

Akazivua. "Juu kupo kote," alisema. "Hakujapungua kitu."

Barnaba akazivaa bila kumtazama. Mwanzoni uso wake ulikuwa umefungwa, uso wa mtu aliyekuja kupokea majibu ya hospitali. Judith alijua wimbo ulipofika bila kuusikia: sasa nabii anaomba maji, sasa anaomba mkate, sasa mjane anageuka. Akaona nyusi za mumewe zikiinuka. Akaona mdomo ukiachama kidogo, na macho yakifumbwa, na kitu kilichokuwa kimemkaza mabegani tangu siku ya mavuno kikiachia. Hakuwahi kuuona uso ule ukifunguka hivyo kwa ajili ya sauti ya mwanamke mwingine, na hakuwahi kuutazama kwa karibu namna hiyo. Uliuma kama alivyotarajia.

"Umeisikia?" alimuuliza.

Barnaba hakumsikia. Kidole chake kilikuwa kimeshapanda, kinabonyeza, anarudi nyuma.

"Tufunge hizo, bamayo?" Lucky aliuliza.

"Hizo hizo," Judith alisema, macho yakiwa bado kwa mumewe. "Mwache kwanza amalize."